Milimita Mbili

Pikipiki ya mjomba Guram ina jicho moja,
jicho la mzee, la njano, la usingizi:
huona hatua nne mbele
na kuomba radhi kwa ya tano.
Miaka kumi na mmoja nimepanda njia ya Ghebi
kwa kumbukumbu zaidi kuliko kwa taa:
hapa shimo, hapa jiwe, hapa mbwa wa Nazibrola,
na mto Rioni chini kulia, ukinong'ona gizani
kama mtu anayehesabu fedha asizotaka zionekane.

Mimi ni daktari wa mifugo. Ng'ombe hawazai mchana.

Basi nikashuka Kutaisi, soko la vipuri,
nikamwambia Vazha: nipe balbu ya siku hizi, nyeupe,
ile inayoufanya usiku upishe njia.
Akalipima tako la balbu yangu, akacheka.
"Arobaini na tano. Za leo ni arobaini na tatu."
Milimita mbili! Nimewahi kukosana na watu kwa chini ya hapo.
Akachakura kopo la kahawa, akatoa adapta,
pete ya bati, nyepesi, meno matatu,
akaniwekea kiganjani kama mchumba mwenye haraka.
Lari tatu. Ndiyo pete pekee niliyowahi kununua.

Jioni, uani, nikafungua kioo,
nikamtoa buibui mkavu,
nikaivisha balbu pete, na pete nikaivisha taa.
Ikakaa. Ilicheza kidogo, lakini ikakaa.
Nikawasha,
na mti wa jozi ukazinduka jani kwa jani,
mnara wa kanisa, nyaya za umeme, popo;
kuku wa jirani wakadhani kumekucha.
Kila cha juu kilionekana.
Barabara tu ndiyo haikuonekana.

Nilijua. Sikutaka kujua.

Saa saba usiku simu: Ghebi, mtamba, uzazi wa kwanza,
mguu mmoja nje na wa pili haujulikani uliko.
Nikaondoka na mwanga wangu
ukirukaruka juu ya mapaa
kama mwanga wa ile maana nyingine.
Kwenye kona ya daraja, lori la magogo.
Taa niliyoiwasha ikamwasha dereva macho.
Breki. Changarawe. Kimya.
Akashuka mtu mpana, kiganja usoni,
na matusi yake yalimfikia hata bibi yangu
aliyelala kaburini kule Utsera, hana habari.
Kisha akainama, akachungulia.
"Nani kakufungia hii? Imekaa kichwa chini."

Jina lake Badri, kama mwezi uliokamilika;
alilitamka akiwa ameuma bisibisi.
Tukazima taa zote, zake na yangu.
Giza likarudi kukaa mahali pake.
Akaizungusha pete hadi jino pana likawa juu,
akakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
akaisokomeza pale palipokuwa pakicheza.
"Usiulaumu mwanga," alinung'unika. "Huu haukuwa na pa kusimama."

Washa.

Mbele ya gurudumu barabara ikajitandika,
ukingo wa mwanga umenyooka kama upindo wa shuka.
Yale mashimo niliyoyahifadhi kwa moyo,
madogo kuliko nilivyodhani,
na mengine mawili, marefu, kando ya korongo,
ambayo nimeyakosa kwa miaka kumi na mmoja
bila kujua kwamba ninayakosa.
Nilisimama pale kitambo. Badri alipiga honi, akaenda zake.

Ndama alitoka saa kumi, jike, akifuka mvuke.
Nikarudi kumekucha, taa nimesahau kuizima.

Balbu ya mjomba imo mfukoni mwa koti.
Haijaungua. Uzi wake mzima, kioo chake kizima.
Imezidi tu, kwa milimita mbili,
kila taa inayouzwa leo.