Maharagwe ya Jamhuri

Niliyaloweka jana, stima imepotea,
nikichambua kwa tochi ya simu:
jiwe huku, wairimu kule.

Tangu alfajiri yanatokota hapa juu ya paa, Umoja,
kwa sukari guru, nyanya, tangawizi,
makaa nikiyapepea kwa kifuniko cha ndoo.

Shemeji Makokha kaja na mbuzi na maneno:
"Sikukuu hii, Kerubo? Maharagwe ni ya bweni!"
Nikafunika sufuria,
nikafunika na mdomo.

Mbuzi akatoka mgumu kama kodi ya Januari.

Saa tisa, katikati ya kicheko, kwa!
Makokha akasimamisha taya,
akatema jiwe kiganjani,
akaligeuza,
akanitazama.

Kisha, bila neno,
akasogeza sahani
mara ya tatu.