Mstari wa Tisa

Gorazd wa kampuni kubwa alifika Jumanne,
koti jembamba, viatu visivyoijua theluji,
akafungua kompyuta yake juu ya meza yetu
penye makombo ya mkate wa Zdenka.

"Itawaandikia programu. Nyie mtapumzika."

Tukatazamana. Sisi watano ndio tunaoiambia
milango ya bwawa la Drava lini ifunguke.
Kupumzika kwetu kuna watu chini yake.

Sekunde nne tu, msimbo ukamwagika ukutani,
umenyooka kama shati lililopigwa pasi.
Zdenka akavaa miwani.
"Una hakika na mstari wa tisa?"
*Samahani sana, nimekosea.* Ikaufuta.
Mstari wa tisa ulikuwa sahihi.

Akauliza wa kumi na mbili, wenye kosa kweli.
*Samahani sana.* Ikaleta kosa jingine,
lililochanwa nywele vizuri zaidi.

Bosi wetu Cvetko akakohoa:
makao makuu wanaitaka, kila mtu anayo.
Gorazd akawahi: miezi mitatu ni bure.
"Bure," Zdenka akasema,
"ni bei ambayo hujaisoma hadi mwisho."

Kisha akamsogezea kalamu, taratibu.
"Unakaa wapi, mwanangu?"
"Ptuj."
"Aa. Basi maji yetu yanapita mlangoni kwako.
Tia sahihi wewe."

Kalamu ikalala pale mpaka chai ikapoa.

Alisahau vibandiko vya kampuni yake, vya rangi nzuri.
Kimoja tumekibandika kwenye birika la ofisi,
pale penye ufa.
Bado linavuja.