Visubi Kwenye Rangi

Niliitoa Nyakato, uani kwa Bahebe,
ndani yake kuku watatu wameatamia,
mmoja juu ya kiti cha dereva, hataki kushuka.
"Chukua na yai," akasema. Nikachukua.

Datsun ya sabini na mbili, milango miwili,
pua ndefu kama ya mtu anayenusa ugomvi.
Trekta iliivuta mpaka Isamilo,
mawe yalipokataa njia
vijana sita wakamalizia kwa mabega.

Miaka miwili.
Kabureta ililala kwenye mafuta ya taa
ndani ya beseni la kuogeshea mtoto;
Kabula hajanisamehe, wala beseni hajalidai.
Kutu nimeikwangua hadi kucha zikawa nyekundu.
Chini ya zulia nikakuta tiketi ya feri, Kigongo,
maandishi yamefifia: kuna mtu alivuka na gari hili
akiwa na haraka, au na mpenzi.
Nimeirudisha palepale.

Juzi jioni nikapuliza rangi, kiini cha yai.
Nikasahau mwezi umeandama.
Visubi wakapanda kutoka ziwani, moshi usio na moto,
wakatua boneti nzima, wakanasa.
Nikatukana. Nikacheka. Nikatukana tena.

Leo nimepiga msasa upya, boneti yote,
isipokuwa watatu karibu na taa ya kushoto.
Hao wameshapanda, waende.

Ufunguo nikauzungusha.
Injini ikakohoa mara moja,
jirani akauliza ng'ambo ya ukuta,
"Mmeleta mashine ya kusaga?"
ikanyamaza.

Kesho, plagi.