Mawe Mawili Mfongoni

Kutwa nasaga vioo vya miwani, Mtaa wa Rengua,
unga mweupe kwenye kucha, maji yakichuruzika gurudumuni.
Kioo nakijua: kikikosewa kwa unywele
mtu anaona lami imepinda na nyanya za sokoni zimevimba.

Usiku, Pasua, juu ya zege la tangi la maji
(Ndeshukurwa alinikataza mara mbili, mara ya tatu akaniletea sweta)
naitazama nyota moja karibu na mkia wa Nge
kwa darubini ya kuazima,
naandika mwangaza wake kwenye daftari la hesabu
aliloliacha binti yetu nusu.

Julai tatu: kama jana.
Tisa: imepanda kidogo.
Kumi na moja, saa saba usiku: imeruka!
Kisha ikashuka, ikakaa siku nne kama uji bakulini,
ikaruka tena, ikaporomoka.
Nikaunganisha nukta kwa penseli, nikacheka peke yangu:
nilikuwa nimechora Kibo na Mawenzi na uwanda wa katikati,
na wenyewe wako mgongoni kwangu, gizani.

Nyota haikuongeza kuni.
Baina yake na sisi walipita wawili wanaozungukana,
weusi, hawana hata jina,
na nuru ikapinda
kama maji ya mfongo yakikuta mawe.

Jiwe moja huigawa nuru mara mbili.
Mawe mawili, mara tatu au mara tano. Nne, kamwe.
Maana taswira mpya huja kwa jozi, mapacha,
huwaka zinapozaliwa,
na zikifa hufa pamoja, zikiwaka tena.

Asubuhi Bibi Aikaruwa akaivua miwani, akaibwaga mezani.
"Fundi, taa ya getini naiona mbili. Nipe hela yangu."
Nikapima. Kosa langu:
vioo viwili havikuelewana.
Nikirudia kusaga nikamwambia, ipo taa huko juu,
juzi ilikuwa tano, jicho langu likazijumlisha.
"Na fundi wa hiyo," akauliza, "naye ulimdai?"

Sikuwa na jibu.
Wale wawili washapita; mstari daftarini umelala ulipoanzia.
Sikuwaona hata mara moja.
Najua tu mmoja ni mzito kumshinda mwenzake, basi.

Bibi akavaa. Akaitazama balbu ya dukani, kwa muda.
"Moja," akasema,
kama mtu aliyepunjwa chenji.