Nyuzi Thelathini na Sita

Mwalimu Eshikaeli hanunui ubao.
Kila Jumatano hushuka sokoni Kiboriloni
kwenye fungu la ndala zisizo na wenza,
zile ambazo wauza mitumba huzipiga teke pembeni,
huzichagua kama achaguaye ndizi za mtori:
hubonyeza kisigino, hukunja, hunusa.
"Ndala ya kushoto," huniambia,
"ni ya kulia iliyojitazama kwenye kioo.
Ulinganifu unaanzia miguuni. Andika."

Niliandika.
Niliandika pia kwamba chapa ni kinyume cha bamba,
kwamba ukichonga K itatoka imekupa kisogo,
kwamba tunachokiondoa kwa kisu ndicho kitakachobaki cheupe
na tusichokigusa ndicho kitakachosema.
Visu vyetu ni njiti za mwavuli
zilizonolewa kwenye ngazi ya saruji, mlangoni,
mpaka ngazi yenyewe ikaanza kupinda.

Alifundisha hisabati miaka kumi na minane.
Chaki ilimla mapafu. Bikari akabaki nayo,
ya mbao, mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Pembe tatu hujaza sakafu bila ufa," husema.
"Mraba hujaza. Pembe sita hujaza, waulize nyuki.
Zilizosalia, zikiwa pande sawa, zina maneno mengi."

Bi Ndekusara alikuja kutoka Uru na mvua ya Mei,
mita nne za marekani ndani ya mfuko wa sukari.
Alitaka pembe tano.
Tano tupu, zimeshikana pindo kwa pindo,
rangi ya udongo wa mgombani uliolowa.
"Nimezaa watano," alisema,
akavifungua vidole mezani
kana kwamba tungetaka kuhesabu.

Mwalimu akanitazama mimi, hakumtazama yeye.
"Mwonyeshe."

Nikakata karatasi tatu. Kila pembe mia na nane.
Mara tatu: mia tatu ishirini na nne.
Mzunguko mzima unadai mia tatu na sitini.
Nikazisogeza. Nikazibana kwa dole gumba.
Ukifunga huku, kule panaachama.
Zinapungua nyuzi thelathini na sita, mama,
na si nyuzi za kushonea.

"Tukiongeza upande mmoja tu," nikasema,
kijana mwenye rula na haraka,
"zikawa pembe sita, zingekaa kama sega.
Sita ndiyo namba nzuri."

Akazitazama karatasi.
Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kanga yake hadi sakafuni,
tone, tone, kila moja na duara lake.
"Chapeni tano," akasema.

Siku mbili. Wino, rola, mgongo wa kijiko,
safu inapanda, safu inashuka,
na katikati ya safu na safu zile nafasi,
almasi nyembamba, kila moja
kama jicho linalojifanya limelala.
Ziliniudhi. Usiku nikachonga kwenye kipande cha kisigino
jani dogo la sale, la kuzibia.
Lilienea sawasawa. Nilijipongeza.

Alfajiri alikuwa tayari amefika, amekaa kwenye ndoo.
Nililitia jani wino, nikaliinua,
akanishika kifundo cha mkono.
Hakukaza.
"Hapo usichape. Hapo pana mtu."

Mwalimu aliendelea kufuta rola
muda mrefu kuliko rola ilivyohitaji.

Alilipa kwa noti zilizokunjwa mara nne,
akakikunja kitambaa kingali na unyevu,
pembe juu ya pembe, nafasi juu ya nafasi,
akaondoka kuelekea njia ya Uru.

Hesabu ile bado ipo kwenye daftari langu.
Mwalimu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu:
jibu sahihi, akaandika, kazi ovyo.
Na lile jani nilioshe wino wake, nikalioshe tena.
Liko chini ya mguu wa meza, upande wa dirisha,
linaizuia isicheze.