Nyuzi Thelathini na Nane

Ua la kakao halichanui tawini.
Huchomoza kwenye gamba la shina,
dogo kama ukucha wa mtoto mchanga.
Nimelichuma alfajiri, kabla visubi hawajalifikia,
nikalipasua kwa kisu cha upasuaji,
nikatwaa vile vijiuzi vitano visivyozaa
nikavilaza juu ya jeli yenye sukari.

Hapa Una, kusini mwa Bahia,
subira ina umri wa miezi minane.
Kijiuzi huvimba, huwa donge,
donge hutoa ushanga mweupe,
na ushanga ukikubali
tunauita kiinitete.
Nami niliyeviombea vichipue
leo naviingiza kwenye kabati la joto
na kugeuza kitufe: thelathini na nane.

Ndiyo kazi. Lindaura hupima maji,
Edvânio huosha chupa,
mimi huunguza.

Saa ya kwanza, hakuna kitu.
Kioo kinatoka jasho kwa ndani.
Siku ya tatu pembezoni pameingia rangi ya chai,
ya tano, chai imekolea,
na jeli yenyewe inanywa ule weusi
ambao donge limeutema lijitetee,
likapaliwa na mate yake.
Naandika: kundi la saba, wafu kumi na tisa kati ya ishirini.
Mkono hautetemeki.
Ulitetemeka mwaka wa kwanza.

Baba hupiga simu jioni kutoka shambani.
Yeye hana kipimajoto.
Anasema mbwa amechimba shimo chini ya ghala, hatoki;
anasema matunda machanga yamekaukia mtini,
meusi, mepesi, ukiyatikisa yanalia kama kayamba.
Kisha kimya, kisha kikohozi, kisha:
"Na hao watoto wako wa chupa,
umewafunza nini?"

Nilimwambia simu inakatika.

Usiku nimerudi maabara, nimesogeza taa.
Lile kundi lililopashwa kwanza thelathini na mbili,
kidogo kidogo, kama mtu anayeingia mtoni
akianza na vidole vya miguu,
limebakiza vinne vyeupe.
Vinne tu. Kimoja kina jani,
au tuseme kinakusudia jani.

Asiyefunzwa na chupa atafunzwa na jua.
Nawasha kabati tena, safari hii naanzia chini.
Nje ni saa sita usiku.
Nimeugusa ukuta: bado una moto.