Safu ya Sababu

Baba yangu, Malachy Devenny, aliuza mikate
barabara ya Newry hadi Keady,
na kila alfajiri, penye kizuizi,
askari walimshusha, mikono juu ya paa la gari,
wakaipasua mikate kwa kisu
kutafuta kisichokuwamo.

Alirudi na daftari lenye unga kwenye pindo:
*Jumanne, kumi na mmoja. Jumatano, minane.
Alhamisi, mvua, hawakujisumbua.*
Iliyopasuliwa tuliila sisi watoto,
kwa hiyo naweza kusema serikali ilinilisha.

Watu huniuliza nilivyoanza kusomea jinai.
Wao wenyewe hutaja maktaba. Nawaachia.

Tasnifu yangu ilikuwa na kurasa mia nne na tano
juu ya upekuzi wa barabarani.
Mama alisoma utangulizi, akauliza daftari liko wapi.
“Limo,” nikasema, “kiambatisho cha tatu.”
“Kiambatisho,” akarudia,
kama jina la ugonjwa alioambiwa na daktari.

Miaka thelathini na mmoja nimeketi majikoni mwa watu
nikinywa chai nisiyoitaka:
kwa wajane wa polisi,
kwa mama anayeitunza risasi ya plastiki kwenye kopo la vifungo,
kwa mzee aliyetega mabomu mawili, la tatu likamkatalia,
siku hizi ni mwamuzi wa mashindano ya mbwa.
Nimeitwa kibaraka kwa barua, mara mbili,
na mara moja kwa rangi nyekundu, langoni,
jina langu likiwa limekosewa herufi.
Kusema kweli, hilo la herufi ndilo liliniuma.

Wanafunzi wa sasa hawajapata kuona kizuizi.
Mmoja akanyoosha mkono: “Profesa, ulikuwa upande gani?”
“Upande wa nyuma wa gari,” nikamjibu,
“penye harufu ya hamira.”
Darasa likacheka. Sikuwa natania.

Mwaka jana, Banbridge: sajenti mstaafu, Wesley Truesdale.
Tangu mwaka themanini na tatu hajapanda gari
bila kuinama kwanza kutazama chini yake.
Magoti yamekwisha, bado anainama,
kama mtu anayerukuu na dini hana.
Nikamuuliza habari ya mikate.
Akanyamaza hadi nikasikia kinasa sauti kikizunguka.
“Tulikuwa zamu tangu saa tatu usiku, mama.
Mkate ulikuwa wa moto.
Tuliupasua tukatia vidole ndani.
Baridi ile, huijui.”

Naijua. Baba alikuwa amesimama ndani yake,
mikono juu ya bati,
na vidole vyake hakuna aliyevipasha.

Jedwali langu lina tarehe, mahali, kikosi, sababu.
Katika safu ya sababu nimejaza miaka yote
*fununu, kisasi, kudhalilisha,*
na juu ya hilo la mwisho nimejenga jina,
kiti cha uprofesa, na nusu ya pensheni.
Sasa hili la vidole nilitie wapi?

Ijumaa nakabidhi funguo.
Mhariri anataka jedwali lisiwe na pengo.
Nimeandika *baridi*. Nimefuta.
Nimeandika tena, nikaweka kinyota,
na chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani:
*tazama kiambatisho cha tatu.*